Maji ya moto na swali lililochekwa



Katika Ramadhani iliyopita kamati ya msikiti wetu iliazima friza mbili kwa ajili ya futari ya pamoja, na kazi ya kugandisha barafu ya sharubati ya ukwaju tukaachiwa sisi pamoja na vijana wa madrasa. Alasiri moja, tulipokuwa tukijaza maji katika sado, mtoto mmoja mwenye umri wa miaka 11 alitusogelea akauliza: "Ustadhi, kwa nini tusitie maji ya moto? Bibi yangu anatia ya moto, na barafu yake inawahi." Tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya, lakini tulicheka mbele ya wenzake, kisha tukamwambia kwamba friza ya bibi yake labda ni ya peke yake duniani. Wenzake nao wakacheka kwa kutufuata sisi, na kwa siku kadhaa kila aliyebeba ndoo aliulizwa kama maji yake ni ya kawaida au ni ya bibi. Mtoto yule hakuonekana tena penye friza mpaka mwezi ulipoandama.

Sisi tunaoandika safu hii tuliagana na fizikia kidato cha pili, na tangu hapo masomo yetu yalielekea kwingine. Hata hivyo hatukudhani kwamba jambo lile lilihitaji fizikia yoyote. Maji ya moto, ili yagande, sharti kwanza yapoe yafikie hali ya maji baridi. Vipi basi aliye nyuma amtangulie aliye mbele?

Wiki chache baada ya Idi, mzee mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu wa sekondari, alituvuta kando baada ya swala ya Isha. "Katibu, mwanangu," akasema, "umemcheka mtoto kwa jambo ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanaliita kwa jina la Mtanzania." Tuliona haya, na usiku huohuo tukaanza kusoma. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto kwenye milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyachanganya na sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaingiza katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba akamwona mwenzake amechanganya maziwa na sukari bila hata kuyachemsha, na tayari anakimbilia nafasi. Akatambua kwamba akingoja ya kwake yapoe ataikosa. Basi akayaingiza yakiwa ya moto, na liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu kama uji.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Lakini katika likizo alikutana mjini Tanga na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamweleza kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huwahi kuganda. Tulipofika hapo tulimkumbuka bibi wa yule mtoto. Wenye biashara walikuwa wakilijua jambo, na shule ilikuwa ikilikana.

Mpemba alifaulu akaenda kidato cha tano katika shule ya Mkwawa, Iringa. Huko walipofika mada ya joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kama yule wa kwanza, na Mpemba alipong'ang'ania akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hata hesabu ndogo, mwalimu alisema hizo ni hesabu za Mpemba, na darasa zima likaupokea msemo huo. Tuliusoma ukurasa huo mara mbili, kwa sababu "maji ya bibi" yalikuwa bado yanatulia masikioni.

Alasiri moja kijana huyo alikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba na ya pili maji ya moto, akaziweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini bika ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama. Akauliza: maji ya kiasi kimoja, haya yana nyuzi 35 na yale nyuzi 100, yakiwekwa pamoja katika jokofu, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wenzake walimwona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alimtaka arudie swali, akamwuliza kama kweli amelijaribu, na alipojibiwa ndiyo, akasema kwamba jibu hana, lakini akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na akalijaribu. Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye fundi akarudisha taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi. Tulicheka tena tuliposoma hayo, na safari hii tulijicheka wenyewe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kwa pamoja makala katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, yenye kichwa cha neno moja tu na alama ya kuuliza. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Hakuwa mwanafizikia hata baadaye. Maisha yake ya kazi aliyapitisha katika uhifadhi wa wanyamapori, na jina lake likabaki katika vitabu vya fizikia.

Kosa letu tulilifanya hadharani, tukaona na kulirekebisha kuwe hadharani. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu tunayemheshimu, alitutahadharisha kwamba ustadhi akimwomba radhi mtoto mbele ya watoto, kesho hatasikilizwa na yeyote. Hatukukubaliana naye, na mpaka leo hatujakubaliana. Baada ya somo la Alhamisi tulisimama, tukasimulia kisa cha Magamba na Mkwawa, kisha tukasema wazi kwamba tulimcheka mwenzao bila ya elimu na kwamba tunamwomba atusamehe. Watoto walinyamaza kimya. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama mkeka. Kisha akanyanyua kichwa akauliza: "Kwa hiyo bibi yuko sahihi?"

Hapo tukagundua kwamba kuomba radhi ndiko kulikokuwa rahisi. Mtoto alistahili kusikilizwa, hilo halina shaka, lakini je, maji ya moto huwahi kuganda kweli? Wataalamu wenyewe hawajaafikiana.

Tuianze hoja kwa mfano wa basi. Mabasi mawili yanakwenda Dodoma kwa njia moja na mwendo mmoja, moja linaondoka Dar es Salaam na jingine Morogoro, kwa dakika ileile. La Dar es Salaam lazima lipite Morogoro kwanza, na likifika hapo mwenzake ameshatangulia mbali. Kwa hesabu hiyo haliwezi kuwahi kufika. Ndivyo tulivyofikiri penye friza, na ndivyo walivyofikiri walimu wa Mpemba. Kasoro ya hoja hii ni kudhani kwamba basi lililofika Morogoro kutoka Dar es Salaam ni sawa kwa kila hali na lile lililoanzia Morogoro. Huenda njiani limeshusha nusu ya mizigo na sasa linakwenda kwa wepesi zaidi. Maji nayo ni hivyohivyo. Kusema "maji ya nyuzi 35" si kuyaeleza yote. Maji yaliyofika nyuzi 35 kutoka nyuzi 100 si lazima yawe sawa na yale yaliyoanzia hapo.

Yamebadilika nini njiani? Kwanza, sehemu yake imetoka kwa mvuke, na mvuke huondoka na joto jingi. Ndiyo maana wazee wetu humimina chai katika kisahani: uso wa chai ukipanuka, mvuke hutoka kwa wingi na chai hupoa upesi. Pili, maji yaliyochemka yamepoteza sehemu kubwa ya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Tatu, maji ya moto hayatulii. Tulifundishwa shule ya msingi kwamba joto husafiri katika maji kwa myuko: yaliyo moto ni mepesi, hupanda juu, na yaliyopoa huzama. Mwenye kutaka kuuona myuko kwa macho achukue vikombe viwili, kimoja cha maji baridi na kimoja cha maji ya moto, adondoshe katika kila kimoja tone moja la rangi ya biriani bila kukoroga, kisha atazame ni kipi rangi yake itatambaa upesi.

Mpemba na Osborne waliyachunguza haya. Walitumia bika zenye mililita 70 za maji, wakaziweka juu ya kipande cha polistirini, ile nyeupe nyepesi inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Walikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Friza yenye ukoko wa barafu ikiwekewa chombo cha moto, ukoko huyeyuka chini yake na chombo kikakaa juu ya chuma chenyewe kilicho baridi zaidi; hapo maji ya moto yatashinda kwa hila ya ukoko tu. Walipoiondoa hila hiyo, bado walikuta kwamba maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia nyuzi 25 hivi, na yaliyoanzia karibu nyuzi 90 yaliwahi zaidi sana. Upungufu kwa mvuke na hewa iliyoyeyuka waliona havitoshi kueleza tofauti hiyo. Joto jingi lilikuwa likitokea juu, kwenye uso wa maji, na katika chombo kilichoanza kikiwa cha moto myuko huufanya uso uendelee kuwa na joto kuliko chini.

Yapo na mengine. Kila mwenye duka la soda amewahi kuona chupa iliyosahaulika ndani ya friza: soda ni maji kabisa, lakini ukiifungua tu hugeuka barafu mbele ya macho yako. Hata maji matupu yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, yakingoja kitu cha kuanzia, kama vile chembe ya vumbi au mkwaruzo ndani ya chombo. Mawili yakishindana, huenda lililochelewa limekosa tu hiyo chembe. Na hapo linazuka swali ambalo wengi hulipita: tukisema yameganda tuna maana gani? Yamefika nyuzi 0? Imeonekana barafu ya kwanza? Au yamekuwa jiwe mpaka kati? Mshindi wa swali moja anaweza kushindwa katika lile jingine.

Dhana yenyewe ni kongwe kuliko Magamba. Aristotle aliigusia, na baadaye Francis Bacon na Descartes. Mwaka uleule wa 1969 George Kell aliandika kutoka Kanada kuhusu watu wa kwao wanaoamini kwamba uwanja wa kuteleza juu ya barafu humwagiwa maji ya moto ili ugande upesi. Mwaka 2012 jumuiya ya kifalme ya kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza sababu, yakaja maelezo zaidi ya 22,000, na Mpemba mwenyewe ndiye aliyemtangaza mshindi, mtu wa Kroatia aitwaye Nikola Bregović. Mtu angedhani kesi imefungwa. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wanasayansi wa Uingereza, walipima kwa uangalifu muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia. Wakaonyesha pia kwamba ukipandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kujipatia ushindi ambao haupo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, wakaonyesha jambo la namna hiyo bila utata, lakini kwa kutumia punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji, si kwa kugandisha maji yenyewe.

Kwa maoni yetu, anayesema maji ya moto huwahi kuganda daima amekosea, na anayesema haiwezekani kabisa naye hana haki ya kusema hivyo kwa hoja ya basi peke yake.

Tulikwenda kumsalimu bibi. Tulimpa shikamoo, tukamwuliza sababu ya yeye kutia maji ya moto. Alitutazama kama watu waliokosa kazi. "Maji nachemsha ili watu wasiumwe matumbo," akasema, "na sufuria naitaka nipikie. Nitangoja yapoe mpaka lini? Huko kuwahi ni faida tu." Friza yake, tulipoifungua, ilikuwa na ukoko wa barafu mnene kama kiganja.

Basi tukajaribu nyumbani kwetu, sisi na mtoto yule. Tulichukua bakuli mbili za stili zinazolingana, tukapima maji kwa kikombe kimoja, tukaziweka juu ya vipande viwili vya ubao ili ukoko usiingilie kesi, na tukakubaliana kwamba kuganda maana yake ni barafu kufunika uso wote. Kila mara tulibadilishana nafasi, ya kushoto ikaenda kulia, kwa kuwa ndani ya friza hakuna usawa wa baridi. Usiku wa kwanza maji baridi yalitangulia. Usiku wa pili pia. Usiku wa tatu maji ya moto yalitangulia, na hapakuwa na shaka: bakuli yake ilikuwa imefunikwa yote, na mwenzake alikuwa na utando pembeni tu. Mtoto aliruka juu. Usiku wa nne umeme ulikatika. Aliyaandika yote nyuma ya daftari lake la madrasa, na katika safu ya usiku wa nne akaandika "Umeme". Tulimwambia angeweza kuuacha usiku huo usihesabiwe, akakataa, akasema nao ulikuwa usiku.

Wasomaji watakaopenda kujaribu wazingatie mambo machache. Maji ya moto yamiminwe na mtu mzima, na chombo kisiwe cha kioo, kwa maana kioo chaweza kupasuka. Nyama na samaki viondolewe karibu, mvuke usije ukaviyeyusha. Mlango wa friza usifunguliwe kila dakika, vinginevyo utakuwa unapima udadisi wako, achilia mbali uniti za LUKU. Na usiku mmoja hautoshi kumshinda mtu kwa hoja, hata usiku ulio upande wako.

Kuna jambo jingine aliloliona yeye kabla yetu. Barafu ya maji yaliyochemshwa ilikuwa angavu kidogo kuliko ya maji ya bomba, ambayo ilikuwa na weupe katikati. Hilo tuliweza kumweleza: weupe ule ni viputo vya hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, ambayo barafu huisukuma kati inapoganda kutoka pembeni, na maji yaliyochemshwa yana hewa chache. Alisikiliza, kisha akasema kwamba basi anataka kujaribu maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kabisa, dhidi ya maji ya bomba, yote yakiwa baridi sawasawa, aone kama ni moto unaowahisha au ni kule kuchemka. Hilo hatukuwa tumelifikiria.

Tumepanga Ijumaa hii baada ya Alasiri, umeme ukiwapo. Bibi ameahidi kutuazima sufuria ya pili.